Ukitaka Kubadilisha Ncha, Anza na Mpira

Mwenyekiti, ahsante kwa nafasi hii. Wapenzi wa santuri, mabibi na mabwana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie kitu ambacho wengi wetu hatujawahi kukiona sawasawa, ingawa tunakitumia kila tunapoweka santuri kwenye mashine: ile ncha ya almasi iliyo chini ya katriji, yaani kile kiboksi kidogo mwishoni mwa mkono wa mashine kinachogeuza mitikisiko ya santuri kuwa umeme. Inapochakaa, ni lini inafaa kumpelekea fundi aitie ncha mpya, na ni lini unajisumbua bure?

Nitoe msimamo wangu mapema ili anayetaka kubishana ajiandae. Mtu akija kuuliza habari za kubadilisha ncha, maswali yake yote huwa ya almasi. Ya umbo gani? Ya duara au iliyochongwa nyembamba? Kijiti kinachoibeba kiwe cha alumini, cha boroni au cha rubi? Mimi huwa namrudisha nyuma milimita chache, kwenye kipande cha mpira ambacho hata hakijui kama kipo. Almasi ni kitu cha kununuliwa, zipo na zinauzwa. Kinachoamua kama katriji yako inastahili kazi hiyo ni mpira.

Tumalizane kwanza na zile katriji tunazoziita MM, yaani za sumaku inayotikisika, maana huko hakuna mjadala mrefu. Katika MM, sumaku ndogo imebandikwa nyuma ya kijiti kinachobeba almasi, na koili zimetulia ndani ya mwili wa katriji. Kwa hiyo sindano nzima, pamoja na kijiti na mpira wake, unaichomoa kwa vidole na kuchomeka nyingine. Hata kampuni ya Shure ilipoacha kutengeneza katriji mwaka 2018, wenye katriji zake hawakuachwa solemba, kwa sababu JICO ya Japani iliendelea kutengeneza sindano za kuchomeka humo. Kama sindano yako bado inauzwa, inunue, ichomeke, sikiliza muziki. Fundi wa ncha utamhitaji pale tu sindano halisi imeadimika kabisa na zile za kuiga hazikuridhishi.

Kwenye MC, yaani katriji za koili inayotikisika, mambo yamegeuka. Huku koili ndizo zinazotikisika. Zimezungushwa nyuma ya kijiti chenyewe, kwa waya mwembamba kuliko unywele, na sumaku ndiyo iliyotulia. Umeme unaotoka ni haba, mara nyingi kati ya milivolti 0.2 na 0.5, wakati MM ya kawaida hutoa 3 hadi 5. Sindano haichomoki. Ukitaka kuing'oa, umeng'oa na koili, na hapo huna tena katriji. Ndiyo maana ncha ya MC ikiisha, njia ni tatu tu: kurudisha katriji kwa mtengenezaji, ambao wengi hukupa mpya kwa bei iliyopunguzwa na kubaki na ya zamani, kumpelekea fundi, au kuiweka kabatini na kuihuzunikia.

Sasa, almasi inachakaaje, nayo ni ngumu kuliko plastiki yoyote? Hebu tupige hesabu. Santuri ya mizunguko 33 na theluthi moja kwa dakika, ile iliyoingia sokoni mwaka 1948, hupita chini ya sindano kwa mwendo wa takriban sentimita 50 kwa sekunde ukingoni, na kama 21 karibu na karatasi ya katikati. Chukua wastani. Saa moja ya muziki ni zaidi ya kilomita moja ya mtaro, ule mfereji mwembamba uliochongwa kwenye santuri. Saa 1,000 ni kilomita zipatazo 1,300. Umbali wote huo almasi inasuguliwa na kuta mbili za mtaro, pamoja na vumbi lililojificha humo, na vumbi lina chembe za mchanga ndani yake. Uzito tunaoweka ni mdogo, gramu 2 hivi, lakini unakaa juu ya eneo dogo mno, la mikroni za mraba zisizofika hata mia. Shinikizo la mahali hapo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Mtu ataniuliza: basi ni saa ngapi? Watengenezaji wengi hutaja kati ya saa 500 na 1,000, na umbo la ncha lina mchango wake. Ncha ya duara hugusa ukuta kwa kidoa kidogo, kwa hiyo hupata ubapa mapema. Zile zilizochongwa kwa mstari mrefu na mwembamba hugusa ukuta kwa urefu, mzigo ukagawanyika, zikadumu zaidi. Shibata ndiyo maarufu kati ya hizo. Ilibuniwa Japani miaka ya 1970 kwa ajili ya santuri za chaneli nne, ambazo zilibeba mawimbi yasiyosikika na binadamu, hadi zaidi ya hetzi 30,000. Chaneli nne zilikufa. Ncha ikabaki, nasi ndio tunaofaidi.

Lakini saa za kwenye karatasi msizifanye msahafu. Anayesafisha santuri kabla ya kupiga na anayezitoa kwenye gamba zikiwa na ukungu hawawezi kuwa na hesabu moja.

Dalili ya kwanza husikika kwenye herufi S. Mwimbaji akisema neno lenye S, sauti inachomachoma, inakuwa kama inatemewa mate. Na inaanzia wapi? Kwenye wimbo wa mwisho wa upande, si wa kwanza. Sababu yake ni hesabu ileile ya mwendo. Wimbi la hetzi 10,000 likichongwa ukingoni mwa santuri, urefu wake ni kama mikroni 50. Wimbi hilohilo likichongwa karibu na katikati limebanwa likawa mikroni 21. Bonde lake moja lina nusu ya hapo. Almasi ikishapata ubapa, ule ubapa hauingii tena bondeni. Unapita juu kwa juu, unakwangua vilele. Ndiyo sababu mtu anakwambia santuri yake ina kasoro upande wa ndani, kumbe santuri haikuwa na kosa. Ila akiendelea kuipiga hivyo, kweli itakuwa nayo.

Hapo ndipo ninapokuwa mkali kidogo, mniwie radhi. Ncha iliyoisha haina unyenyekevu. Pale ubapa unapokutana na sehemu ambayo haijachakaa hutokea kona, na kona ya almasi ni patasi. Kila mzunguko inachonga ukuta wa mtaro, na kilichochongwa hakirudi, hata ukiweka katriji mpya kesho yake. Nasikia watu wakisema "nitasubiri hadi niisikie imeisha kabisa." Ukiisikia kabisa umechelewa, maana sikio huzoea. Linashuka pamoja na almasi, polepole, na mwenyewe hulijui.

Kwa hiyo tusitegemee sikio peke yake. Tazama kwa hadubini. Lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10 itakuonyesha kama ncha ipo au imedondoka, na kama imebeba uchafu, basi. Ubapa unauona kuanzia kukuza mara 200 hivi, na unahitaji taa kutoka pembeni. Almasi nzima, ukiisogeza chini ya taa, inang'aa kwa mkunjo: mwanga unateleza juu yake, hautulii mahali. Almasi iliyochakaa ina vidirisha viwili, kimoja kila upande, na mwanga ukivifikia vinawaka vyote ghafla kama kioo, halafu vinazima. Vidirisha vikiwa sawa kwa ukubwa, mkono wa mashine yako umesawazishwa vizuri. Kimoja kikiwa kikubwa kuliko mwenzake, basi kwa muda wote huo sindano ilikuwa imeegemea ukuta mmoja, na kizuia mvuto wa pembeni hakikuwekwa sawa. Fundi mzuri atakwambia hilo bila kuulizwa.

Kabla hujaihukumu, isafishe. Wapo waliotuma katriji nzima ng'ambo ikarudi na barua fupi kwamba ilikuwa na donge la uchafu tu. Tumia brashi ndogo, kutoka nyuma kuja mbele, ule uelekeo santuri inaouendea, kamwe usipige ubavuni. Spiriti iwe kidogo mno na iishie kwenye ncha, kwa sababu almasi imeshikwa na gundi, na maji yakipanda kwenye kijiti yanaweza kufika kulikolala mpira. Kagua na mpangilio wa katriji kwenye mkono, maana katriji iliyokaa upande hutoa mikwaruzo ileile ya mwisho wa santuri.

Sasa nije kwenye mpira wangu.

Nyuma ya kijiti cha MC pana kipete kidogo cha mpira, na katikati yake hupita waya wa chuma mwembamba unaokishikilia kijiti kisichomoke. Kipete hicho ndicho kinachofanya kazi ya springi na breki kwa pamoja. Ndicho kinachokiacha kijiti kicheze, na ndicho kinachokituliza kikishacheza. Na mpira huzeeka hata ukiwa ndani ya boksi. Mwingine hukauka ukawa mgumu. Sindano inarukaruka penye besi nzito na kusukumwa huku na kule. Mwingine hulegea, katriji inainama hadi tumbo lake linakaribia kugusa santuri. Almasi inaweza kuwa haijapigwa hata saa 50, na mpira wake umekwisha miaka mingi iliyopita. Yanayowapata hayo ni wale wanaouziwa katriji ya zamani "haijatumika kabisa, iko kwenye boksi lake." Boksi haliuhifadhi mpira.

Kuupima si kazi. Weka uzito ule ule uliopendekezwa na mtengenezaji, teremsha sindano kwenye santuri, kisha inama utazame kwa ubavuni. Kati ya tumbo la katriji na santuri pawe na nafasi inayoonekana wazi. Halafu tazama kutoka mbele: kijiti kiwe kimenyooka, kisiwe kimepinda kushoto wala kulia. Nafasi imekwisha, au kijiti kimekaa upande, basi usimwambie fundi "nibadilishie ncha." Mwambie "nina mashaka na mpira," na umwache akague. Kuweka almasi mpya kwenye mpira uliokufa ni kushona soli mpya kwenye kiatu ambacho ngozi yake imepasuka. Utatembea nacho, lakini si mbali.

Na koili pia zikaguliwe. Waya ukikatika, upande mmoja unanyamaza, na hakuna almasi itakayoufufua. Tafadhali, msijaribu kupima koili za MC nyumbani kwa mita ya kawaida ya umeme. Baadhi ya mita hupitisha mkondo usiofaa kwa waya mwembamba vile. Mwachieni mwenye vifaa. Nyinyi jaribuni tu kubadilisha nyaya za kushoto na kulia pale zinapoingia kwenye amplifaya: ukimya ukihama upande, tatizo liko kwenye katriji au nyaya zake, ukibaki palepale, lipo mbele, kwenye amplifaya au spika.

Tuseme mpira mzima, koili nzima, almasi ndiyo iliyoisha. Fundi anafanya nini?

Kazi ya kwanza, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote, ni kutoa almasi ya zamani na kubandika nyingine kwenye kijiti kilekile. Kijiti kinabaki, uzito unabaki, tabia ya katriji inabaki karibu na ilivyokuwa. Lakini ni kazi ngumu. Almasi yenyewe ina unene usiozidi robo milimita, imepita kwenye tundu lililotobolewa kwa mwali wa leza, na gundi ya zamani lazima itoke bila kijiti kuvunjika. Boroni inakatika ovyo. Kijiti cha beriliamu ndicho kibaya zaidi, maana vumbi la beriliamu ni sumu kwa mapafu, na fundi mwenye akili hatakigusa kwa kukitoboa wala kukikata. Akikukatalia, usimwone mvivu.

Kazi ya pili ndiyo inayofanywa zaidi. Fundi hukata kijiti karibu na mzizi, akabakisha kisiki kifupi, kisha akachomeka kijiti kipya chenye almasi yake juu au ndani ya kisiki hicho, na gundi. Ikifanywa na mtu aliyeizoea, inalia vizuri sana. Lakini tukubaliane kwamba katriji iliyorudi si ile iliyokwenda. Chukua Denon DL-103, iliyobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kushirikiana na shirika la utangazaji la Japani, NHK. Ilitoka na kijiti cha alumini na ncha ya duara, na hupigwa kwa uzito wa gramu 2.5. Wengi wameipeleka kwa mafundi ikarudi na kijiti cha rubi na ncha nyembamba. Inasikia mambo mengi ambayo haikuyasikia zamani. Je, bado ni DL-103? Wengine watasema ndiyo. Mimi nasema ni katriji nyingine iliyovaa koti lake, na kama ulikuwa unaipenda kwa ule utulivu wake, huenda ukaukosa.

Kazi ya tatu ni kuijenga upya: mpira mpya, waya wa kukaza mpya, koili kurekebishwa zikae katikati ya sumaku. Hii waifanyao ni wachache, na hapo kurudisha kwa mtengenezaji mara nyingi kuna mantiki zaidi, kama bado yupo.

Katika zote tatu, kinachotofautisha mafundi ni mambo mawili yasiyotajwa kwenye matangazo. La kwanza ni gundi. Kila chembe ya gundi inayobaki kwenye ncha ni uzito ambao mtaro unapaswa kuurusha huku na huku maelfu ya mara kwa sekunde. Donge kubwa la gundi limekula sauti za juu hata kabla hujalipia. La pili ni jinsi almasi ilivyosimama. Ncha ya duara haina mbele wala nyuma, ukiizungusha ni ileile. Ncha nyembamba ina uso, na uso huo lazima ukae mraba kabisa na kijiti. Ukigeuzwa nyuzi chache, ukuta wa kushoto na wa kulia husomwa kwa nyakati tofauti, na hakuna skrubu kwenye mkono itakayokurekebishia hilo bila kupotosha katriji nzima. Kwa hiyo, kabla hujatuma, muulize fundi swali moja: utanitumia picha ya ncha kutoka mbele na kutoka chini baada ya kumaliza? Wanaojua kazi yao hupenda swali hilo. Anayelikasirikia, tafuta mwingine.

Mwombe pia akague kwanza na akuandikie alichokiona kabla ya kukata chochote. Kisiki kikishakatwa, mtengenezaji huenda asikubali tena kuipokea kwa mabadilishano. Hilo watu hulijua wakati limeshapita.

Kuhusu kuituma, kwa haraka. Ifungue kwenye mkono taratibu, ukiwa umeweka kifuniko cha sindano, na angalia bisibisi: sumaku ya MC ina nguvu na inaivuta bisibisi ya chuma moja kwa moja kwenye kijiti. Ifunge kwa skrubu kwenye boksi lake, au kwenye ubao mdogo wa plastiki, isiweze kugusa ukuta wowote. Pamba usiweke karibu nayo, nyuzi zake hunasa kijiti. Andika karatasi: aina ya katriji, uzito unaoutumia, saa ulizokadiria, unachokisikia na kwenye chaneli gani. Kama inavuka mpaka, tangazo la forodha liseme ni kifaa kinachokwenda kutengenezwa na kurudi, usije ukatozwa ushuru kama vile ni bidhaa mpya.

Ikirudi, usiirudishe kwenye mkono kwa vipimo vya zamani. Ncha inaweza kuwa imesogea nusu milimita mbele au nyuma, na nusu milimita kwenye kipimo cha kupanga katriji ni nyingi. Panga upya kabisa, mkao wa katriji, urefu wa mkono, uzito, vyote. Waya nne nyuma yake zina rangi zinazokubalika duniani kote: nyeupe na buluu ni chaneli ya kushoto, nyekundu na kijani ni ya kulia. Ukizichanganya, besi itakimbia, nawe utamlaumu fundi bure.

Na saa za mwanzo ipe katriji subira, hasa kama mpira ni mpya. Utasikia ukavu kidogo, sauti imejibana. Piga santuri safi, za kawaida, kwa saa makumi kadhaa, ndipo utoe hukumu. Anza kuandika saa siku hiyohiyo, kwenye karatasi iliyobandikwa chini ya mashine, upande mmoja wa santuri alama moja.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Hadubini nimekuja nayo, iko mezani pale pembeni. Wenye katriji mfukoni wasogee, na wenye maswali tuanze na mama pale mbele, ameinua mkono tangu niliposema habari za beriliamu.